Geuza Picha Uone Nyuma: Namna ya Kufanya Utafiti katika Fototeka ya Taasisi ya Historia ya Sanaa, Florence

Katika taasisi za utafiti wa historia ya sanaa kuna chumba ambacho wageni wengi hukipita haraka wakikimbilia vitabu. Ni fototeka, yaani maktaba ya picha. Humo hamna mchoro wala sanamu hata moja. Kuna makasha, na ndani ya makasha mna picha za kanisa fulani, za altare (madhabahu) fulani, za kona ya ukuta ambayo leo haipo tena, kila moja imebandikwa kwenye karatasi ngumu. Atakayeitazama picha hiyo upande wa mbele tu ataondoka na nusu ya habari, na mara nyingi nusu iliyo nyepesi.

Mwongozo huu unafuata Taasisi ya Historia ya Sanaa iliyoko Florence, Italia, ambayo kwa Kijerumani huitwa Kunsthistorisches Institut in Florenz. Ilianzishwa mwaka 1897 na wataalamu wa Kijerumani waliochoka kuandika juu ya sanaa ya Italia wakiwa mbali nayo, bila vitabu vya kulinganisha na bila picha za kutosha. Tangu siku za mwanzo nguzo zake zilikuwa mbili, maktaba na fototeka, na mpaka leo kazi inazitegemea zote mbili. Vita vikuu vyote viwili viliikatiza. Mwaka 1964 ilihamia Palazzo Capponi-Incontri katika mtaa wa Via Giuseppe Giusti, na mwaka 2002 ikaingia chini ya Jumuiya ya Max Planck, shirika la utafiti la Ujerumani. Fototeka yake ina picha zaidi ya 600,000.

Historia hiyo inamhusu anayeshika kadi mkononi. Taasisi iliyobadilisha jengo, mihuri na mwenye nyumba huacha alama za mabadiliko hayo nyuma ya kila picha iliyopita mikononi mwake, na hizo ndizo utakazozisoma.

Kabla ya kufika

Usiende ukiwa na jina la msanii peke yake. Andaa ukurasa mmoja wenye mambo haya: kitu chenyewe ni nini, kiko wapi sasa, kilikuwa wapi zamani, kimetengenezwa kwa nini (mbao, turubai, marumaru, ukuta), namba yake ya makumbusho kama inayo, na majina yote ya wasanii ambao kimewahi kuhusishwa nao. Hilo la mwisho ndilo watu hulisahau. Fototeka nyingi hupanga michoro na sanamu kwa kipindi na kisha kwa msanii, na majengo kwa mji. Mchoro ambao vitabu vya 1910 viliupa jina la bwana mkubwa, leo unaweza kuwa chini ya mwanafunzi wake au kwenye kasha la wasiojulikana. Usipojua majina ya zamani utafungua kasha moja, ulikute tupu, na uamini kwamba picha haipo.

Kisha tafuta mtandaoni. Anza na katalogi inayoitwa kubikat, ambayo Florence inaichangia pamoja na Bibliotheca Hertziana ya Roma, Zentralinstitut für Kunstgeschichte ya Munich na kituo cha Kijerumani cha historia ya sanaa cha Paris. Ubora wake ni kwamba haishii kwenye majina ya vitabu. Inaorodhesha makala moja moja zilizomo ndani ya majarida na ndani ya vitabu vya mkusanyiko, na humo ndimo utafiti mwingi wa vitu vidogo ulimojificha. Andika majina ya mahali kwa lugha ya mahali: Firenze, Roma, Napoli. Andika neno moja au mawili tu, kwa sababu sentensi ndefu inakupunguzia majibu bila kukuongezea usahihi.

Baada ya hapo ingia kwenye fototeka ya kidijitali ya taasisi. Usichukulie kwamba kisichoonekana hapo hakipo ndani ya kasha, maana sehemu tu ya mkusanyiko ndiyo iliyoskaniwa. Mwandikie mkutubi wa fototeka wiki kadhaa kabla ya safari, umtumie ukurasa wako uleule. Barua yenye namba na mahali hujibiwa kwa kasha. Barua inayosema "ninatafiti sanaa ya Renaissance" itajibiwa kwa maswali.

Jua pia kwamba kila taasisi ina mantiki yake ya kupanga. Taasisi ya Warburg, iliyohamishwa kutoka Hamburg ikapelekwa London Desemba 1933 kukimbia utawala wa Wanazi, hupanga picha kwa mada: ukitaka kila picha ya mtu anayeshika mizani, au ya sayari ya Zohali, nenda huko. Maktaba ya Frick ya New York hupanga kwa shule ya nchi na kisha msanii. Ukiwa na swali la mada, kwenye kabati la wasanii utachoka bure.

Mezani

Osha mikono na uikaushe kabisa. Mafuta ya kujipaka yasikaribie meza. Picha iliyobandikwa kwenye kadi ishike kwa kingo za kadi, na ile isiyobandikwa ivalie glavu za nitrili. Glavu za pamba huteleza na kukunja pembe. Kalamu ya wino haina nafasi hapa. Tumia penseli laini, na unoe mbali na meza kwa sababu unga wa penseli nao ni uchafu. Usiandike juu ya karatasi iliyolalia picha. Mgandamizo wa mkono huacha mistari kwenye picha, na mistari hiyo haitoki.

Kasha moja kwa wakati mmoja. Unapotoa kadi, weka kipande cha karatasi mahali pake. Katika mkusanyiko wa mamia ya maelfu, kadi iliyorudishwa pasipo pake inaweza kukaa miaka bila kuonekana, na katalogi itaendelea kusema ipo.

Upande wa mbele

Kwanza tambua unachoshika ni kitu gani. Chukua lenzi ya mkono inayokuza mara 10. Ukiona nukta zilizopangwa safu, hiyo imekatwa kutoka kitabuni. Iweke kando kwa sasa. Ukiona nyuzi za karatasi kupitia kwenye picha, na sehemu nyeupe zimegeuka manjano, huenda ni picha ya ute wa yai, aina iliyotawala kati ya miaka ya 1850 na 1890. Karatasi yake ni nyembamba mno, ndiyo maana karibu kila mara hubandikwa. Kama nyuzi hazionekani na sehemu za giza pembezoni zina mng'ao wa fedha ukiinamisha kadi kwenye mwanga, ni picha ya jelatini, ya mwishoni mwa karne ya 19 au baada yake.

Soma maandishi yaliyo chini ya picha. Makampuni makubwa ya Italia yaliandika maelezo kwenye kioo chenyewe cha negativu, yaani kile kilichonasa picha ndani ya kamera na ambacho nakala huchapwa kutoka kwacho. Alinari, nyumba ya wapigapicha iliyoanza Florence mwaka 1852, iliandika "Ed.ne Alinari", kisha "P.e" na tarakimu, kisha "N.o" na namba. "P.e" ni kifupi cha neno la Kiitaliano la sehemu, na "N.o" ni namba ya negativu. Nakili yote, nukta kwa nukta. Namba bila sehemu inaweza kukupeleka kwenye negativu nyingine kabisa.

Hapa pana mtego. Namba ya negativu si tarehe. Wapigapicha walipopiga upya mchoro uleule kwa kamera bora, mara nyingine waliipa negativu mpya namba ya ile ya zamani. Linganisha nakala mbili zenye namba moja: kivuli kikiangukia upande tofauti, au fremu ikibadilika, ni negativu mbili.

Rangi nazo zinadanganya, na sababu yake ni ya kikemia. Vioo vya karne ya 19 vilihisi mwanga wa buluu na karibu havikuuona mwekundu. Kwa hiyo buluu hutoka nyeupe na nyekundu hutoka nyeusi. Vazi la buluu la Bikira Maria linaweza kuonekana limepauka, na kanzu nyekundu iliyo kando yake ikaonekana kama lami. Vioo vinavyohisi rangi zote vilianza kuuzwa mwaka 1906 na vilichukua miaka kuenea. Ukikuta mtaalamu wa zamani anasifu "giza zito" la mchoro ambao yeye aliuona pichani tu, jiulize kama alikuwa anasifu kioo.

Angalia pia kama picha imegeuzwa. Kioo cha negativu kikichapwa upande usio wake, kulia huwa kushoto. Tafuta herufi ndani ya mchoro. Zikikosekana, tazama mkono unaobariki, ambao kwa kawaida ni wa kulia, au upanga, ambao kwa kawaida huning'inia kiuno cha kushoto. Ila kama kilichopigwa ni nakala iliyochongwa kwenye bamba la shaba kutoka kwenye mchoro, kugeuka ni jambo la kawaida: bamba likichapwa hugeuza kila kitu, na mpigapicha hana kosa.

Kwa sanamu, kagua ukingo wa mwili. Mafundi walizoea kufunika mandhari ya nyuma kwa kupaka rangi kwenye kioo ili sanamu ibaki peke yake kwenye weusi au weupe. Brashi ikipita vibaya hula kidole au ncha ya vazi. Usiandike kwamba sanamu ilikuwa imevunjika kidole kabla hujapata picha ya pili.

Nyuma

Sasa geuza kadi, na hapa usiharakishe.

Kwa kawaida utakuta tabaka: muhuri wa mpigapicha au duka, muhuri wa taasisi, namba ya rejesta (daftari la picha zinazoingia), jina la mahali, jina la msanii lililokatwa kwa mstari na jingine kuandikwa juu yake, pengine jina la tatu kwa penseli na tarehe au herufi za mwandishi. Usinakili jina la mwisho tu. Nakili yote kwa mpangilio wake, na uonyeshe lipi limekatwa. Mabadiliko hayo ndiyo historia ya taaluma yenyewe. Yanaonyesha wataalamu walibishana nini, lini na mbele ya picha gani, na mara nyingi ubishi huo haukuchapwa popote.

Inamisha kadi chini ya taa ya pembeni. Kuna mihuri ya kubonyezwa isiyo na wino, ambayo haionekani taa ikiwa juu. Herufi zilizofutwa kwa kifutio nazo huacha mfereji kwenye karatasi, na mwanga wa pembeni huurudisha.

Kisha omba kuona rejesta. Namba ya rejesta ikiwa nyuma ya kadi, daftari linaweza kukueleza picha iliingia lini, na kama ilinunuliwa au ilitolewa zawadi.

Sababu hii ndiyo iliyoifanya taasisi ya Florence itoe tamko mwezi Oktoba 2009 la kutetea fototeka za karatasi, wakati maktaba nyingi zilikuwa zikifikiria kuskani na kutupa. Hoja yake ni ya haki kabisa: picha ya karatasi na skani yake ni vitu viwili tofauti, na cha pili hakichukui nafasi ya cha kwanza. Skani ya upande wa mbele haibebi muhuri, haibebi tabaka za majina, haibebi unene wa karatasi.

Tarehe nne zisizofanana

Kosa linaloharibu makala nyingi ni kuandika tarehe moja. Kadi moja ina tarehe nne, na kila moja inahitaji safu yake kwenye daftari lako: tarehe ya kazi ya sanaa, tarehe negativu ilipopigwa, tarehe nakala hii ilipochapwa, na tarehe ilipoingia kwenye taasisi. Mchoro wa 1427 unaweza kupigwa picha 1890, ukachapwa 1930 na kuingia fototeka 1955. Aina ya karatasi inakupa tarehe ya tatu. Rejesta inakupa ya nne. Ya pili ndiyo ngumu, na kwayo jengo lenyewe ndilo shahidi bora.

Florence ni darasa zuri la hili. Ukiona picha ya uwanja wa Piazza della Signoria, tazama mlango wa jumba la zamani, Palazzo Vecchio. Sanamu ya Daudi ya Michelangelo iliondolewa hapo mwaka 1873 ili kulindwa na mvua, na nakala yake ikasimamishwa mwaka 1910. Mahali pakiwa patupu, picha ni ya kati ya miaka hiyo. Ukiona kanisa kuu likiwa na ukuta wa mbele usiopambwa, ni kabla ya kazi iliyozinduliwa mwaka 1887.

Daraja la Santa Trinita linabana zaidi. Lililipuliwa na jeshi la Wajerumani usiku wa kuamkia tarehe 4 Agosti 1944 na kufunguliwa upya mwaka 1958. Sanamu ya Primavera, majira ya kuchipua, ilirudishwa pembeni mwa daraja bila kichwa, kwa kuwa hakikuwa kimepatikana. Kilitolewa mtoni Arno mwaka 1961. Basi daraja zima lenye Primavera asiye na kichwa ni picha ya miaka mitatu hiyo.

Ndani ya kanisa la Santa Maria del Carmine, Adamu na Hawa waliochorwa ukutani na Masaccio walifunikwa uchi wao kwa majani yaliyochorwa katika karne ya 17. Usafishaji wa miaka ya 1980 uliyaondoa. Majani yakiwepo, picha ni ya kabla yake. Na msalaba uliochorwa na Cimabue, wa kanisa la Santa Croce, uliozama katika mafuriko ya tarehe 4 Novemba 1966, ulipoteza zaidi ya nusu ya rangi yake. Kila picha iliyopigwa kabla ya siku hiyo sasa ni ushahidi wa kitu ambacho hakuna jicho litakalokiona tena. Kadi ya namna hiyo ichukue kama unavyochukua hati ya asili.

Njia hiyohiyo inafanya kazi pwani yetu. Chukua picha ya mbele ya bahari, Zanzibar. Beit al-Ajaib ilijengwa mwaka 1883 chini ya Sultani Barghash. Ukiona mnara umesimama peke yake mbele, mbali na jumba, picha ni ya kabla ya mashambulizi ya mizinga ya tarehe 27 Agosti 1896. Mnara ukiwa umeshikana na uso wa jumba, ni ya baada ya ukarabati uliofuata. Na kwa kuwa sehemu hiyo ya jumba pamoja na mnara iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, picha za zamani sasa zinahitajika na mafundi, si na wanahistoria peke yao.

Kwa picha hizo geuza pia. Tafuta muhuri wa studio, kama ule wa A. C. Gomes wa Zanzibar. Kama ni kadi ya posta, tazama kama nyuma imegawanywa kwa mstari, upande mmoja anwani na mwingine ujumbe. Uingereza iliruhusu mpangilio huo mwaka 1902 na nchi nyingine zikafuata, kwa hiyo kadi yenye mstari si ya karne ya 19, hata kama negativu yake ni ya zamani zaidi. Mkusanyiko wa Winterton, ulio katika Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani, una picha zaidi ya 7,500 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, na zinaonekana mtandaoni; ni mahali pazuri pa kujizoeza kabla ya kulipa nauli ya Florence.

Kunakili na kuandika

Piga picha pande zote mbili, hata kama nyuma inaonekana tupu. Zima mwako wa kamera. Weka rula kando ya kadi na kamera ikae sambamba na meza. Ikiinama, vipimo vyote vitapinda. Usikate kingo za kadi kwenye fremu, maana namba nyingi ziko pembeni. Kwa skani, nukta 300 kwa inchi zinatosha kwa kadi kubwa, na picha ndogo au zenye maandishi membamba zipe 600. Hifadhi faili asili kwa TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha, na ufanyie kazi nakala. Jina la faili libebe namba ya rejesta na neno "mbele" au "nyuma". Faili ikiitwa "picha12", baada ya miezi sita hutajua ni ya nani.

Unapoitaja kwenye makala, andika jina la taasisi, fototeka, namba ya rejesta, mpigapicha na namba ya negativu. Jina la mchoro pekee halitoshi, kwani msomaji hatajua umetazama picha ipi kati ya ishirini za mchoro huo. Kama utachapisha, ulizia haki mbili kando kando: haki ya picha, na ruhusa ya kazi yenyewe. Italia ina sheria ya mali za utamaduni ya mwaka 2004 inayodai ruhusa, na mara nyingi ada, kwa matumizi ya kibiashara ya picha za kazi zinazomilikiwa na serikali. Anza mapema, maana majibu huchukua muda.

Ukigundua kosa kwenye kadi, mathalani kanisa limetajwa siyo, usilisahihishe mwenyewe hata kwa penseli. Andika kwenye karatasi kando: namba ya rejesta, kilichoandikwa, unachoamini ni sahihi, na ushahidi wako kwa mistari miwili. Mpe mkutubi. Ataongeza maelezo yako kwa tarehe na chanzo, na yale ya kwanza yatabaki yakisomeka chini yake.